Gunia la Mia na Kumi na Nne

Miaka kumi na tisa nimeandika kilo
kwa kalamu ya buluu, kituoni Mtambwe,
karatasi ya kaboni ikinipaka kidole cha shahada
hata nikenda msikitini huonekana nimetoka kupiga kura.
Mchumaji akisema, "Faki, niandikie," humwandikia.
Lori likija Alhamisi, kheri. Lisipokuja, Jumamosi.
Fedha zikikawia tukisema, "Zi njiani,"
na njia hiyo hakuna aliyepata kuiona.

Msimu huu wameleta mzani wa kioo.
Gunia likiwekwa juu yake, halijatulia,
Wete wameshajua, bandarini Mkoani wameshajua,
na mnunuzi wa ng'ambo, nisiyemjua jina wala dini,
anajua kuwa Bi Mize Shaame leo ana kilo arubaini na tatu.
Simu yake ililia kibindoni
kabla hajakung'uta vikonyo kwenye kanga.
Akahesabu sifuri kwa ncha ya ukucha, mara mbili,
akaniuliza, "Na wewe sasa kazi yako nini?"

Sikumjibu. Nilibandika kibandiko.
Ndiyo kazi: kila gunia na mistari yake myeusi,
myembamba kwa minene, kama chale.

Na lori huja siku ileile, sisemi uwongo.
Karafuu hailali tena ghalani ikitoka jasho,
ikarudi teketeke, ikashushwa daraja
kwa kosa la barabara.
Zamani panya alikuwa na fungu lake, na mvua fungu lake,
na mdomo wa mkubwa fulani, fungu nono.
Haya yamekwisha. Nasema Alhamdulillahi.

Lakini Jumanne

kioo cha Mkoani kilisema magunia mia mbili na sita,
mabegani mwa wapagazi yakashuka mia mbili na tano.
Zamani ningesema, "Binadamu hakosi kukosea,"
nikafuta, nikaandika, na wino ukanisitiri.
Mashine haikugomba. Iliandika tu, kwa nyekundu:
*114. Mtambwe, saa tisa na robo.
Ole, lori limesimama dakika kumi na nane.*

Ole.
Nani asiyejua nani anakaa Ole?
Dereva ni Msellem, mtoto wa dada yangu.
Mkewe mjamzito, mwezi wa nane,
na juzi alikuja kunikopa nikamwambia sina.
Nilikuwa nazo.

Kijana wa ghala akanipigia, sauti ya adabu:
"Mzee Faki, thibitisha upotevu kwenye simu."
Pana *Ndiyo*, pana *Hapana*.
*Ngoja* haikutiwa.
Niliomba mtandao ukatike,
kama ukatikavyo kila wingu likipita Mtambwe.
Siku ile ulisimama vijiti vinne vyote.

Kulipokucha nikapanda bodaboda.
Karafuu haina siri: nilifuata pua toka barazani
hadi chumba cha ndani. Mke wa Msellem alisema, "Mjomba,"
akakaa chini, tumbo kwanza, hakusema jengine.
Gunia lilikuwa mvunguni, limefunikwa mkeka wa kuzalia,
na kibandiko hakijabanduliwa.
Mtoto huyu hata kuiba hakujifunza.

Nikaacha mezani zile fedha nilizosema sina.
Gunia nikalipakia mwenyewe,
nikashuka nalo Mkoani kwa gari ya ndizi,
huku simu mfukoni ikinihesabia dakika.

Nikaisomesha mashine mistari yake. Ikalia, *ti*.
*Limefika. Uzito kamili.
Limechelewa saa ishirini na sita.
Sababu:* na kijisanduku cheupe,
nafasi ya herufi ishirini, si zaidi.

Kidole cha shahada hakina tena weusi.
Kilisimama juu ya kile cheupe muda mrefu,
kijana wa adabu akinitazama kwa pembe ya jicho.

Nikaandika: *pancha*.
Herufi sita.
Zile kumi na nne zilizobaki nimemwachia Msellem,
siku akija, atazijaza mwenyewe.